Jinsi ya kutoa rangi kwenye maji ya batiki kwa unga wa sumaku wa majani ya mlonge

Mnaotia rangi batiki mnayajua yale maji ya mwisho kwenye ndoo, watu wanayamwaga mtaroni na rangi inaenda nayo mpaka mtoni. Hii njia ni ya maabara, ya shule au chuo, sio ya jikoni jamani, vaa glavu na miwani.

Chemsha gramu 10 za majani makavu ya mlonge kwenye maji mililita 100, nyuzi 80, nusu saa hivi, alafu chuja. Pembeni yeyusha chumvi mbili za chuma, feriki kloraidi gramu 5.4 na ferasi kloraidi gramu 2 (zile zenye maji ndani yake) kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa, maana hewa ikizidi unapata kutu ya kahawia. Mimina mililita 20 za maji ya mlonge, weka moto wa nyuzi 70 mpaka 80, anza kudondosha kostiki soda iliyoyeyushwa huku unakoroga mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali) ifike 10 au 11.

Itakuwa nyeusi, ila usishangilie bado! Kemikali za majani zikikutana na chuma zinatoa weusi kama wino hata kama sumaku hakuna, kwaiyo weka sumaku ubavuni mwa chupa uone: unga ukikimbilia upande ule na maji yakabaki meupe, umepata. Ukijaza majani mengi unga unakuwa mzito kuvutika. Osha mpaka pH irudi 7, malizia na ethanoli, kausha nyuzi 60.

Jaribu kwanza na maji yenye rangi ya maabara iitwayo metilini bluu, gramu 1 ya unga kwa lita, koroga lisaa, vuta na sumaku, pima rangi iliyobaki kwa spektrofotomita (mashine ya kupima rangi kwa mwanga) kwenye nanomita 664. Weka na chupa nyingine ya maji matupu na unga, usije ukahesabu rangi ya mlonge. Metilini bluu inashika vizuri pH 8 au 9, ila rangi za chaji hasi kama kongo redi zinataka pH ya chini, 5 hivi, na maji ya batiki yana kostiki kwaiyo lazima uyashushe pH kwa siki, nje penye upepo, maana haidrosulfaiti, ile dawa ya kutilia rangi batiki, ikikutana na asidi inatoa gesi mbaya sana.

Na rangi haijafa, imehamia kwenye unga tu. Ioshe kwa ethanoli utumie unga tena, ile ethanoli yenye rangi weka kwenye dumu lenye mfuniko, usiirudishe mtaroni.