Laptopu Haisomi Flashi, Diski au Mausi? Pima Kabla ya Kulaumu Poti

Laptopu nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba poti (tundu la USB) imekufa huwa na poti nzima kabisa. Fuata mpangilio huu kabla hujamruhusu mtu kufungua mashine.

Hatua ya 1: Badilisha kitu kimoja kimoja. Chomeka kifaa hichohicho kwenye poti nyingine. Kikikubali, kagua ile ya kwanza: zima laptopu, mulika ndani kwa tochi, toa vumbi kwa kijiti cha mbao, usitumie pini. Kikikataa, hamia kwenye kebo. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hutajua tatizo lilikuwa wapi.

Hatua ya 2: Kebo. Baadhi ya kebo za kuchajia simu zina nyaya za umeme tu, za data hazimo. Simu itajaa chaji na laptopu isione hata picha moja.

Hatua ya 3: Umeme. Kwa kawaida poti ya USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na ya USB 3.0, ambayo mara nyingi ina plastiki ya bluu, hutoa 900. Diski ya nje ikiwaka na kuzima, huenda umeme hauitoshi. Ichomeke moja kwa moja bila hubu (kigawanyio cha poti), au tafuta hubu yenye adapta yake ya umeme. Ikitoa sauti ya kugonga ndani hata hapo, acha kuiwasha, maana kila jaribio linazidi kuhatarisha mafaili yako.

Hatua ya 4: Poti zote zikigoma kwa pamoja, zima laptopu, chomoa chaja na kila kifaa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha chaja, washa.

Hatua ya 5: Draiva, yaani programu inayoiwezesha laptopu kutumia kifaa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ufungue Device Manager. Kifaa chenye alama ya njano kiondoe kwa Uninstall device, kichomoe, washa mashine upya, kisha kichomeke tena.

Hatua ya 6: Hapa nakuomba utulie. Windows ikikuambia diski ni lazima ifomatiwe (ifutwe na kupangwa upya) ndipo itumike, bonyeza Cancel. Mara nyingi kilichovurugika ni orodha ya mahali mafaili yalipo, yenyewe bado yamo. Yaokoe kwanza kwa programu ya kurejesha data, ukiyahifadhi kwenye diski nyingine. Nimeona watu wakibonyeza kukubali kwa haraka, picha za miaka zikapotea. Na kama diski haionekani kabisa, bonyeza tena Windows pamoja na X, ufungue Disk Management. Huenda imekosa tu herufi ya kuitambulisha, kama D au E, uipe.

Mausi isiyo na waya ikikwamakwama kila unapochomeka diski ya USB 3.0, mausi haijaharibika. Diski na kebo yake hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na mausi. Hamishia kipokezi chake upande wa pili wa laptopu.