Usiishie kwenye "Umeelewa?", uliza "Dawa utaimeza ukishafanya nini?"

Ukimwandikia mgonjwa dawa ya muda mrefu, au ukiwa unamuuguza mzazi nyumbani, mwache ataje kwa kinywa chake ataimeza mara tu baada ya kufanya nini: "Nikishapiga mswaki asubuhi, nameza kidonge cha presha." Kisha aandike maneno hayo, na dawa ikae hapo hapo penye mswaki. (Kama ni ya kumezwa na chakula, chagueni mlo.)

Wengi wanaoacha dawa wameelewa vizuri sana. Usumbufu wa kidonge ni wa leo, faida yake ni ya miaka ijayo, na presha yenyewe mara nyingi haiumi. Binadamu huipa leo uzito kupita kiasi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu, kwa hiyo tusikimbilie kuwaita wakaidi. Dawa ikishafungwa kwenye tendo la kila siku, mtu hana haja ya kuamua upya kila asubuhi.

Njia hii haimsaidii aliyeacha kwa makusudi: dawa inamtia kizunguzungu, hana fedha, au haamini kwamba anaumwa. Huyo msikilize kwanza, bila kumkaripia. Na anayefanya kazi kwa zamu, ambaye asubuhi zake hazifanani, kengele ya simu itamfaa zaidi.