SOMO: Kujaza mafuta boti ya matembezi Nyumba ya Mungu, mahali pasipo na sheli

Wadau wa Moshi na Arusha, salaam. Wikiendi ndefu ikikaribia, watu huanza kuulizana nani ana boti ya kwenda nayo Nyumba ya Mungu. Boti zinapatikana, mashine zinapatikana; kinachowasumbua wengi ni mafuta. Bwawa lile limekaa mpakani mwa Kilimanjaro na Manyara, linajazwa na mito Kikuletwa na Ruvu, TANESCO wana mitambo yao ya megawati 8 pale ukutani, lakini sheli ya kuegesha boti ukajaziwa hakuna. Petroli unakwenda nayo. Na mimi msimamo wangu ni mmoja: kazi ya kujaza iishe nchi kavu, kabla boti haijabeba mtu.

Somo hili ni la boti ndogo yenye mashine ya kupachika nyuma na tangi la kubeba mkononi.

Hatua ya 1: Piga hesabu nyumbani. Mashine ya tustroki (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli) ya nguvu ya farasi 15, ukiivuta mpaka mwisho, inakunywa kama lita 6 hadi 7 kwa saa. Gawa mafuta yako mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu usiliguse. Hilo la tatu ni la upepo. Asubuhi unaondoka maji yametulia, saa nane mchana unarudi mawimbi yanakupiga usoni, na mwendo uleule unakula mafuta zaidi.

Hatua ya 2: Chombo. Tumia tangi la boti lenyewe, au dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. Dumu la mafuta ya kula, hapana. Kifuniko chake hakizibi vizuri, na plastiki yake haikukusudiwa petroli. Muuzaji akikukatalia, usimnunie.

Hatua ya 3: Sheli. Jaza Moshi, au Mwanga mjini kabla hujaacha lami. Teremsha tangi, liweke chini sakafuni. Usijaze likiwa juu ya pikapu, hasa yenye zulia la plastiki, kwa sababu petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli, na tangi lisilogusa ardhi halina pa kuupeleka. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa tangi muda wote. Usijaze mpaka juu. Acha nafasi, maana kule bwawani kuna joto na petroli inatanuka.

Hatua ya 4: Oili. Hii ni kwa tustroki tu. Mashine nyingi zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Lita 20 za petroli zinataka mililita 400. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ipime mara moja kwa kikombe chenye vipimo, weka alama kwa kalamu ya wino mzito, basi ndiyo kipimo chako cha kudumu. Tangulia kumimina oili na petroli kidogo, tikisa, kisha malizia petroli iliyobaki. Mashine mpya, katika saa zake za kwanza za kazi, huwa na kipimo chake. Soma kitabu chake, usimsikilize fundi wa kijiweni.

Hatua ya 5: Njiani. Tangi lisimame wima, lifungwe kamba, lifunikwe jua, lisikae ndani na abiria.

Hatua ya 6: Ukingoni. Hapa ndipo ajali zinapotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unashuka. Boti ni bakuli: mvuke ukishamwagikia ndani unajikusanya chini ya mbao za kukanyagia, na hauna pa kutokea. Cheche moja ya waya wa betri inatosha.

Kama ni lazima kumimina kutoka dumu kwenda kwenye tangi, lishushe tangi ufukweni, mbali na jiko la wale wanaokaanga perege. Abiria wote washuke, sigara zizimwe. Fungua kifuniko taratibu; dumu lililovimba kwa joto hutema. Tumia faneli yenye chujio, zungushia kitambaa mdomoni mwa tangi. Petroli ikidondoka kidogo, futa, na kitambaa hicho usikisuuze ziwani. Maji yale wanakunywa watu wa Lang'ata, kijiji cha pale ukingoni, na mifugo ya Wamasai ng'ambo ya pili.

Hatua ya 7: Unganisha. Rudisha tangi botini, funga mpira wa mafuta. Puto la kubana, lile lililo kwenye mpira huo, lina mshale; uelekee kwenye mashine. Legeza tundu la hewa la kwenye kifuniko, kisha bana puto mpaka liwe gumu. Sasa inama, nusa sakafu ya boti. Kuna harufu? Usiwashe. Tafuta panapovuja, kausha, acha upepo upite. Hakuna harufu? Vaeni majaketi okozi, funga kamba ya kuzimia mashine mkononi, washa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Himo: Mkuu, oili ya tustroki ya pikipiki si ileile tu?

Hapana, kaka. Ile ni ya mashine inayopozwa kwa hewa. Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya ziwa, na oili yake ina alama TC-W3. Ukichanganya hovyo utazoea kusafisha plagi.

Dada wa Usa River: Yetu ilizima katikati ya maji baada ya kama dakika kumi, na tangi lilikuwa limejaa. Tatizo nini?

Angalia kwanza tundu la hewa. Likifungwa, mashine inavuta mafuta na hewa haiingii, tangi linabonyea, mwisho mashine inazima. Kama lilikuwa wazi, kagua maji: mimina kidogo kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu, utauona mstari.

Mdau wa Majengo, Moshi: Wavuvi wanamimina mashine ikiunguruma na sigara mdomoni. Mbona hawaungui? Unatutisha.

Wanaoungua nao wapo, ndugu yangu. Halafu mvuvi yuko kwenye mtumbwi peke yake au na mwenzake. Wewe umebeba watoto wa shemeji yako.

Mdau wa Njiro: Na mafuta yakiisha katikati kabisa?

Ndiyo maana nataka lile fungu la tatu likae kwenye tangi la pili, likiwa limekwisha kuchanganywa na oili tayari. Zima mashine, tupa nanga, abiria wakae upande upepo unakotokea, hamisha mpira tu. Humimini kitu. Na uwe na kizimamoto cha unga. Moto wa petroli usiumwagie maji, utausambaza.

Mdau wa Mwanga: Petroli ya chupa ya kijijini je?

Ya kukuokoa tu. Hujui imechanganywa na nini, wala imekaa juani muda gani. Ukilazimika, ifanyie kile kipimo cha chupa angavu na uipitishe kwenye chujio.

Dada wa Usa River: Asante, lilikuwa tundu la hewa kweli! Na mafuta yaliyobaki nifanyeje?

Karibu, dada. Chomoa mpira, acha mashine iunguze yaliyomo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, ikiwa bado imo majini. Yaliyobaki tangini yatumie ndani ya mwezi, usiyatie kwenye gari. Na tangi lisilale stoo moja na mtungi wa gesi.