Somo: Jinsi chama kidogo kilivyoomba ruzuku ya korona hapa England mwaka 2020

Ndugu wanachama, tangu mwezi Mei 2020 nililijibu swali la namna ya kuomba ruzuku hii kwa simu na kwa ujumbe wa sauti, tena kwa watu walewale. Nikaliandika hapa ili kila katibu na mweka hazina alikute kabla dirisha la maombi halijafungwa tarehe 17 Agosti 2020.

Fedha hizi zilikuwa za serikali. Tarehe 8 Aprili Waziri wa Fedha wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza pauni milioni 750 kwa mashirika ya hisani, na kati ya hizo milioni 200 zikatengwa katika mfuko uliofunguliwa tarehe 22 Mei kwa ajili ya mashirika madogo na ya kati, ambao National Lottery Community Fund, shirika linalogawa fedha za bahati nasibu ya taifa, ndilo lililougawa. Ruzuku zilianzia pauni 300 hadi 100,000. Walio Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini walikuwa na mafungu yao.

Hatua ya 1. Tafuteni katiba yenu iliyotiwa saini.

Hatua ya 2. Teueni watu wawili tofauti wa kuandikwa kwenye fomu, wasio na undugu.

Hatua ya 3. Akaunti ya benki. Hapa ndipo sisi tulipokwama. Katiba yetu ina jina refu la umoja, lakini taarifa ya benki tuliyoambatisha ilikuwa na jina la mkato tulilozoea kuitana, na watia saini wawili walikuwa mume na mke. Maombi yakarudishwa, tukapoteza wiki tatu tukibadilisha watia saini, na katika wiki hizo magunia mawili ya mchele tuliyonunua kwa fedha zetu wenyewe yalikwisha, huku mama mmoja mjane mwenye pumu, aliyejifungia ndani, akiletewa chakula mlangoni na jirani. Kwa hiyo nawasihi: jina la benki na la katiba yalingane herufi kwa herufi, taarifa ya benki iwe ya miezi mitatu ya karibuni, watia saini wasiwe wanandoa, ndugu, wala watu wa anwani moja. Anzeni na benki, ndipo mfungue fomu.

Hatua ya 4. Elezeni mnamsaidia nani, kwa lipi, na korona imebadilisha nini.

Hatua ya 5. Bajeti iwe ya matumizi ya miezi sita, na isiwe na fedha mlizokwisha kutumia.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Leicester:* Je, tunaweza kurudishiwa fedha za chakula tulichogawa mwezi Aprili?

Hapana. Soma hatua ya 5.

*Mwanachama wa Reading:* Mke wangu ndiye mweka hazina na ni mwaminifu sana. Kwa nini tusumbuliwe?

Ndugu yangu, hakuna aliyeutilia shaka uaminifu wake. Sharti ni la kila chama, na nimeeleza hapo juu lilivyotugharimu. Ongezeni mtia saini wa nje ya nyumba yenu.

*Dada wa Milton Keynes:* Shikamoo kaka. Sisi ni kikundi cha akina mama wa msikitini. Je, dini itatuzuia? Na hitaji la watu wetu tulithibitishe vipi?

Marahaba, dada. Dini haiwazuii, ila ruzuku hailipii mahubiri wala ibada, na msaada wenu uwafikie pia wasio waumini. Kuhusu hitaji, taja ripoti ya Public Health England, idara ya serikali ya afya ya umma wakati huo, ya tarehe 2 Juni, iliyoonyesha kuwa viwango vya vifo vya korona vilikuwa vya juu zaidi kwa Weusi na Waasia, kisha mrudi mtaani kwenu. Sisi tulikuwa na daftari lenye tarehe, idadi ya watu nyumbani na kilichoombwa, bila majina, nalo ndilo lililotupa maneno ya kuandika. Ukimaliza rasimu, nitumie niipitie.

*Mzee wa London Mashariki:* Wazee wetu wa Kibajuni hawasomi matangazo ya afya. Hilo laweza kuingia kwenye bajeti?

Laweza, mzee wangu, na ni wazo zuri. Andikeni malipo ya mtu wa kurekodi ujumbe wa sauti kwa Kibajuni, na vocha za intaneti kwa wazee watakaoupokea. Sisi tuligundua kwamba ujumbe unaozidi dakika mbili hausikilizwi hadi mwisho, hivyo tuliukata vipande vitatu: kunawa mikono, kujitenga, na namba 111 ya kupigia unapoumwa.