Kompyuta ya mezani haiwaki? Usikimbilie kununua pawa saplai

Hapa Kampala, mteja akileta kompyuta isiyowaka, mara nyingi jirani ameshamwambia kwamba pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) imekufa. Huenda. Lakini kabla hujatoa hela, fuata njia ya umeme kuanzia ukutani.

Hatua ya 1. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo. Ikichaji, achana na ekstensheni, chomeka kompyuta ukutani moja kwa moja. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Swichi ya nyuma iwe kwenye I, si O. Kama pana kiswichi chekundu cha volti, kiwe 230. Umeme wa Uganda ni volti 240. Ukikiacha kwenye 115, saplai inaungua palepale.

Hatua ya 2. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha, jaribu. Utadhani ni uganga, ila saplai iliyojifunga umeme uliporuka wakati mwingine huamka hivi.

Hatua ya 3. Fungua keisi, tafuta taa ndogo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Ikiwaka, volti 5 za akiba zinafika, basi mshuku kitufe. Nyaya zake mbili nyembamba zinaishia kwenye pini zilizoandikwa PWR SW au PWRBTN. Zichomoe, kisha gusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Feni zikizunguka, mbovu ni kitufe. Chomeka hapo nyaya za kitufe cha RESET na kazi iendelee.

Hatua ya 4. Sasa saplai yenyewe. Umeme ukiwa umechomolewa, toa plagi zake zote ndani. Kwenye ile pana ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, kisha rudisha umeme na uwashe swichi ya nyuma. Pima njano na mweusi kwa multimita (kipima umeme): volti 11.4 hadi 12.6 ni salama. Hata hivyo usiitangaze nzima bado, kwani saplai iliyochoka hupima vizuri bila mzigo, ikibebeshwa inazima. Baadhi ya Dell na HP zina plagi tofauti, usizijaribu hivi. Na saplai usiifungue: kapasita zake (vijikopo vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji hata umeme ukitolewa.

Hatua ya 5. Inawaka sekunde moja na kuzima? Huenda kuna shoti. Tafuta skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi. Hakikisha plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa (chipu kuu) imeingia. Chomoa vingine vyote, bakiza prosesa, feni yake na ramu (kijibodi cha kumbukumbu) moja tu. Ikitulia, rudisha vingine kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila mara.

Hatua ya 6. Feni zinazunguka, skrini nyeusi: chomoa umeme, toa ramu, sugua miguu yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, puliza vumbi jekundu la murram kwenye nafasi yake, ibane hadi isikike "tak". Bado kimya? Kagua kapasita za mazabodi zilizovimba kichwa kabla hujapanda boda kwenda kwa fundi.