Somo: Kutumia alama ya reli kuchangisha taulo za kike, na pale tulipochemka

Habari wadau. Wengi mmeniuliza tuliendeshaje ule mchango wa taulo za kike kwa mabinti wa shule moja ya kata huku Handeni, na ile hashtagi ilisaidia nini hasa. Naandika hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mtu.

Kwanza tuelewane. Ukiweka alama ya reli (#) mbele ya neno, neno linakuwa hashtagi: linabonyezeka na kukupeleka kwenye posti nyingine za wazi zenye neno hilohilo. Wazo hilo alilitoa Chris Messina kule Twitter, Agosti 2007. Kwa mchango mdogo kama wetu, usitegemee ikuletee maelfu ya watu usiowajua. Mimi naichukulia kama daftari: aliyetoa elfu mbili yake anabonyeza neno moja, anaona risiti, maboksi na siku ya makabidhiano.

Hatua ya 1: Jina

Hapa tumia muda. Sisi tulianza na #BintiAng'are. Jina tamu, tukalichapisha mpaka kwenye bango. Posti ya kwanza ikapanda, naangalia, rangi ya bluu imeishia kwenye "Ang". Ritifaa (ile alama ya ' kwenye ng') inakata hashtagi! Kumbe kutwa nzima tulikuwa tunatangaza #BintiAng. Waswahili hili linatuhusu: ng'ara, ng'ombe, ng'ambo, yote yaepuke. Nafasi, kistari na nukta nazo zinakata. Mstari wa chini (_) unapita.

Tukahamia #TauloBora. Siku ya pili nalitafuta, nakuta tumekaa katikati ya wauza mataulo ya kuogea, pisi tatu kwa bei ya ofa. Kosa letu: hatukulitafuta kabla ya kulitumia. Mwisho tukatulia kwenye #TauloKwaBintiHandeni. Ni refu kidogo, lakini linataja kitu, mlengwa na mahali, na hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Kila neno lianze kwa herufi kubwa. Mtandao hautofautishi kubwa na ndogo, ila jicho linatofautisha. Pia wasioona wanaotumia simu zinazosoma kwa sauti husomewa maneno yaliyoachana badala ya mkorogo mmoja.

Hatua ya 2: Namba moja ya kupokelea

Hashtagi isiyo na namba ni kelele. Kumbukeni mchango wa Kenyans for Kenya (Wakenya kwa ajili ya Kenya), Julai 2011, wakati wa ukame mkali kaskazini mwa Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya ndani ya wiki nne, na likavukwa. Jina lenyewe lilishasema nani anamsaidia nani, na namba ya M-Pesa ilikuwa 111111, mtoto wa darasa la kwanza angeikariri. Wewe hutapata namba nyepesi hivyo, lakini weka moja tu, na uandike jina litakalotokea kabla mtu hajaweka namba ya siri. Mtu akiona jina asilolitarajia, anaghairi.

Hatua ya 3: Hashtagi chache

Instagram iliruhusu hadi 30 kwa posti kwa miaka mingi, watu wakazoea kumwaga. Tatu zinatosha: yenu, ya mada (#HedhiSalama inafanya kazi, hasa karibu na Mei 28, siku ya hedhi salama duniani) na ya mahali. Kudandia hashtagi ya msiba au ya mechi ya Simba na Yanga ni kujitafutia matusi.

Hatua ya 4: Waandae watu kabla

Tuliwapa watu 15 maneno na picha mapema, wote wakaposti saa mbili usiku, watu wameshakula na wana bando. Atakayebonyeza akute posti nyingi. Akikuta yako peke yako ataona kama duka lisilo na bidhaa.

Hatua ya 5: Risiti

Kila jioni tuliposti jumla iliyoingia na iliyotumika, chini yake hashtagi. Siku ya tatu dada mmoja akauliza mbona hesabu imepungua 4,000. Ilikuwa nauli ya bodaboda ya kubeba maboksi, tulisahau kuiandika. Tukaandika palepale. Jioni ile mchango uliingia mwingi kuliko siku mbili zilizotangulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mwanza: Mkuu, mimi nimeposti kwa hashtagi yetu lakini wenzangu hawaioni wakitafuta. Shida nini?

Jibu: Angalia kama akaunti yako umeifunga. Posti ya akaunti binafsi wanaiona wafuasi wako tu, hata uweke hashtagi mia. Fungua akaunti ya mchango iliyo wazi, ya kwako iache ilivyo.

Mama wa Tanga: Mwanangu, sisi wengine tuko WhatsApp tu. Huko nako inafaa?

Jibu: Shikamoo mama. Huko haikusanyi posti za magrupu mengine, kwa hiyo iandike ili watu walizoee jina, lakini namba ya kuchangia na kiungo cha ukurasa ndivyo vitangulie.

Mdau wa Dodoma: Mtu akichukua hashtagi yenu na kuweka namba yake je?

Jibu: Anaweza, hashtagi haina mwenyewe. Ilitutokea. Tulipiga picha ya posti yake, tukairipoti kwa mtandao husika, kisha tukabandika juu ya ukurasa wetu: "Namba yetu ni hii tu." Ndiyo maana tuliichapisha namba na kwenye bango la shule, ili mtu awe na pa kulinganisha.

Dada wa Morogoro: Picha za mabinti wakipokea zinavuta wachangiaji. Mliposti?

Jibu: Hapana, dada. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hawa ni watoto. Hata bila sheria, binti wa miaka 14 hapendi ajulikane wilaya nzima kwamba alikosa taulo, na hashtagi inafanya picha ipatikane miaka mingi baadaye. Tulipiga picha maboksi mezani kwa mwalimu mlezi, na mikono ikisaini fomu ya makabidhiano.