Hesabu ya ubao wa nyama na jibini kwa usiku wa mvinyo

Mara ya kwanza kuandaa ubao wa nyama na jibini, yaani nyama baridi na jibini zilizopangwa juu ya ubao ili kila mgeni ajichukulie, nilinunua kwa macho. Tulikuwa tunatarajia watu wanane. Nilisimama mbele ya kabati la jibini nikiwa na njaa, na kila nilichokiona nikakiona kidogo. Nikarudi nyumbani na kilo tatu na nusu. Usiku ule tulikula nusu tu, na siku nne zilizofuata jibini ikawa kifungua kinywa, chakula cha mchana na kitafunwa cha jioni, mpaka watoto wakawa wakisikia mlango wa friji wanatoka nje. Mara ya pili nikajirekebisha kupita kiasi: kabla chupa ya pili haijafunguliwa, ubao ulikuwa umebaki na vikonyo vya zabibu na kisu. Shemeji yangu akaninong'oneza, "Shemeji, hii ilikuwa salamu au ndiyo chakula chenyewe?"

Tangu siku ile hesabu yangu huanza na swali lake. Ukubwa wa ubao haukwambii lolote, na idadi ya wageni inakwambia nusu tu. Kinachoamua ni saa wanayofika na kama watakuwa wamekula.

Wakija saa tatu usiku wakiwa wameshakula kwao, ninapiga gramu 40 za nyama na gramu 40 za jibini kwa kila mtu, na huwa zinatosha. Wakija mapema na kuna chakula cha moto kinachofuata, gramu 60 kwa 60. Lakini wakija saa moja jioni wametoka kazini, na hakuna sufuria yoyote jikoni, hapo ubao ndio mlo: gramu 110 za nyama na 110 za jibini, mkate juu yake. Na unapoalika, sema. "Njooni tule na kunywa" na "njooni baada ya chakula" ni mialiko miwili tofauti. Mgeni aliyekuja na njaa kwa sababu hukumwambia hana kosa.

Anayekunywa maji au juisi ya zabibu mhesabu mtu kamili. Kwa nilivyoona, yeye ndiye anayekula zaidi, kwa kuwa mkono wake hauna glasi ya mvinyo ya kushughulika nayo.

Sasa aina. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, mimi nikiwemo. Watu wakiongezeka, ongeza gramu. Aina ziache zilivyo. Kwa watu sita, aina tatu za jibini na tatu za nyama ni nyingi vya kutosha, na hata mkifika kumi naongeza moja kila upande, basi. Ukiweka jibini saba, kila mmoja atataka kuonja kila moja, na mwisho utabaki na mabaki saba madogo yasiyofaa kitu.

Kwa jibini natafuta moja laini, moja ngumu na moja yenye tabia yake, kwa kawaida ya bluu, ile yenye mishipa ya ukungu wa buluu ndani. Kwa watu sita wanaokula ubao kama mlo ninahitaji gramu 660 kila upande, na ninazigawa hivi:

- jibini laini, kama Brie au Camembert: gramu 250 (duara moja la kawaida la Camembert lina uzito huo huo, kwa hiyo hakuna kupima)
- jibini ngumu, kama Manchego, Gouda iliyokomaa au Cheddar: gramu 260
- jibini ya bluu: gramu 150
- salami, yaani soseji nene iliyokaushwa, ya kukatwa vipande vyembamba: gramu 260
- proshuto, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa: gramu 220
- pate ya maini, yaani maini yaliyosagwa laini ya kupaka kwenye mkate: gramu 180

Ya bluu ni kidogo kwa makusudi. Katika watu sita, wawili wataipenda kupita kiasi, wawili wataionja kwa heshima na wawili hawataigusa. Jibini ngumu nayo mara nyingi ina ganda lisiloliwa. Kama ganda ni nene, ongeza gramu 30 au 40. Ganda jeupe la Brie linaliwa, usilitoe. Kama yupo asiyekula nguruwe, weka nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwenye sahani yake kabisa, na uulize salami imetengenezwa kwa nyama gani kabla ya kuinunua. Mjamzito naye afikiriwe mapema: pate, nyama baridi za kukaushwa na jibini laini za maziwa yasiyochemshwa zinaweza kubeba bakteria wa listeria, kwa hiyo mtengee jibini ngumu na matunda ya kutosha.

Nunua mizani ya jikoni kama huna. Niliwahi kudhani ninajua gramu 100 za salami zinafananaje, sikuwa ninajua. Kwa salami ninayonunua, kipande chembamba kina kama gramu 5, kwa hiyo gramu 260 ni vipande zaidi ya hamsini, karibu tisa kwa kila mtu. Kipande cha proshuto ni kama gramu 15, na gramu 220 zinatoa vipande kumi na vinne au kumi na vitano: viwili kila mtu, na vya ziada kwa walio wepesi wa mkono.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha ni kwamba namna unavyokata inabadilisha kiasi kinacholiwa. Duara zima la Camembert linaweza kukaa mezani saa nzima bila kuguswa. Kila mtu analitazama, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitoboa. Kata kipande kimoja mwenyewe, kisogeze pembeni kidogo, halafu uone. Upande wa pili, jibini ngumu ukiikata vijiti vyote mapema itaisha kabla ya kitu kingine chochote, hata kwa watu walioshiba, maana mkono unaokota bila kufikiri. Mimi sasa nakata nusu vijiti, na nusu naiacha kipande kizima chenye kisu chake. Ile nusu nzima huenda taratibu, inanifikisha hadi chupa ya tatu. Salami ikunje mara mbili, kipande kimoja kimoja. Ukiilaza bapa moja juu ya nyingine zinagandana, na mtu anainua tatu akidhani ni moja. Proshuto iachie hewa, ivute kama kitambaa kilichoangushwa, na uitoe kwenye karatasi dakika za mwisho kabisa, maana kingo zake hukauka upesi.

Ya bluu ikae mwisho wa ubao, na kisu chake kisiende kokote. Kisu kimoja kikizunguka, baada ya nusu saa jibini zote zina ladha ya bluu.

Mkate ndio nilikuwa nikiudharau, na ndio unaoisha kwanza. Ubao ukiwa mlo, hesabu vipande vinane vyembamba kwa mtu. Ukiwa kionjo, vinne. Kwa watu sita nachukua baguette mbili (mikate mirefu myembamba ya Kifaransa) na pakiti moja ya biskuti za chumvi zisizo na viungo. Biskuti zenye kitunguu saumu na mimea kumi zinaua jibini uliyoilipia.

Vingine havihitaji hesabu ndefu: kiganja kimoja cha lozi au jozi kwa kila watu wawili (uliza kwanza kama kuna mwenye mzio), zeituni sita kwa mtu na kibakuli cha kokwa, matango madogo ya siki, haradali kijiko kikubwa kimoja karibu na salami, zabibu zilizokatwa mikungu midogo ili mtu asivute mkungu mzima. Asali kidogo karibu na ile ya bluu. Vitu vichachu usivipunguze. Mafuta na chumvi vikizidi ulimi unachoka, na tango moja la siki linamrudisha mtu mezani.

Chupa ya mvinyo ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125, au tano ukimimina 150. Kwa watu sita nahesabu glasi tatu za 125 kila mmoja, yaani chupa tatu, na ya nne inakaa kabatini bila kutajwa. Moja nyeupe au yenye povu ya kuanzia, mbili nyekundu. Nyeupe yenye uchachu inakata mafuta ya jibini laini vizuri kuliko nyekundu, jambo ambalo bado nabishana nalo na shemeji. Nyekundu yenye ukakasi inataka salami na jibini ngumu. Mafuta na protini vinaupoza ule ukakasi mdomoni. Ya bluu na nyekundu kavu hugombana, zote mbili zinakuwa chungu. Bluu inapenda mvinyo mtamu, ndiyo maana Wafaransa huweka Roquefort pamoja na Sauternes. Nikiwa nayo chupa ndogo tamu, ya bluu naongeza hadi gramu 180, kwa sababu hata wale wa kuonja kwa heshima hurudi. Maji yawe mezani tangu mwanzo, jagi mbili.

Saa ndiyo inayobaki. Jibini itoke friji dakika 45 hadi saa moja kabla ya wageni. Ikiwa baridi haina harufu wala ladha. Nyama itoke dakika za mwisho. Vyote hivyo visikae nje zaidi ya saa mbili, na kama chumba kina joto la nyuzi 32 au zaidi, saa moja. Lakini usiku wa mvinyo hauishi kwa saa mbili! Kwa hiyo siweki kila kitu mara moja. Theluthi mbili zinapanda ubaoni, theluthi moja inabaki friji kwenye sahani mbili zilizofunikwa. Glasi ya pili ikianza, nauondoa ubao jikoni, naufuta makombo, na kuupanga upya kwa ile theluthi. Wageni wanadhani nimewaandalia awamu ya pili. Na siku ambayo hawana njaa, ile theluthi haijaguswa na mtu, haijakaa kwenye joto, na ni chakula changu halali cha kesho. Ifunge jibini kwa karatasi, si plastiki iliyobana, ipate kupumua. Kilichokaa mezani usiku kucha kinakwenda kwenye takataka, hata kama inauma.

Ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi. Kabla ya kulala napima mabaki na kuandika. Mstari wa mwisho unasema: "Watu 6, saa 1 jioni. Bluu imebaki 60, pate 70, salami hakuna, mkate uliisha saa 3." Safari ijayo pate itashuka hadi 120, zile 60 ziende kwenye salami, na baguette ziwe tatu.